Ndege wa Arenberg na Upepo wa Kaskazini

Paukwa! Pakawa!

Kaskazini mwa Ufaransa, si mbali na mpaka wa Ubelgiji, kuna msitu wa Arenberg. Katikati yake inapita njia ya mawe iliyonyooka, yenye urefu wa kilomita mbili na ushei, na jirani yake kuna ziwa liitwalo Mare à Goriaux, lililotokea pale ardhi ilipodidimia juu ya machimbo ya makaa ya mawe. Kila Aprili wanadamu huipita njia hiyo kwa baiskeli, wakitoka Compiègne kwenda Roubaix, katika mbio za siku moja zilizoanza mwaka 1896. Ni safari ya kilomita zipatazo 260, na takriban 55 kati ya hizo ni mawe matupu yanayotikisa mifupa.

Ndege wa ziwa lile walikuwa na ugomvi wa miaka mingi. Palikuwa na ghuba moja ya matete, iliyokingwa na upepo na isiyoganda upesi wakati wa baridi, na kila ukoo uliitaka. Walidonoana, wakang'oana manyoya, vifaranga wakafa bure. Mwishowe Korongo mzee, mwamuzi wao, akaita baraza akasema:

"Basi, inatosha. Tuamue kwa mbio. Tutafuata njia ya wanadamu, Compiègne hadi Roubaix, kwa siku moja. Kila ukoo utoe ndege saba, kwani hata wanadamu tangu mwaka 2018 hupanga watu saba kwa kila timu katika mbio zao kubwa za siku moja. Hakuna kupaa juu ya vilele vya miti. Arenberg mtapita ndani ya njia, chini ya matawi. Ndege wa kwanza kuingia katika uwanja wa baiskeli wa Roubaix, ukoo wake ndio utakaolala ghubani msimu mzima."

Sheria ya vilele vya miti iliwekwa kwa ajili ya Kozi. Ndege huyo akishuka kutoka juu hana mfano duniani. Lakini hata akiruka chini chini, hapakuwa na wa kumshinda ana kwa ana, naye alilijua hilo vizuri. Alipoambiwa atafute wenzake sita, alichagua shomoro.

"Sitaki wenye nguvu," alisema. "Mwenye nguvu atatamani kushinda. Nataka wa kunisikiliza."

Kunguru walitoa saba, na wote walikuwa vigogo. Kila mmoja alikuwa na ushindi wake wa kusimulia, na kila mmoja aliusimulia. Wakapita kando ya ziwa wakijitapa kwamba ukoo wenye manahodha saba hauwezi kukosa.

Bata bukini nao walitoa saba. Aliyekuwa na nguvu kuliko wote aliitwa Mawimbi. Baada yake alikuwa Pili, mwenye mapafu ya safari ndefu, kisha Subira, jike la makamo ambaye hakuwa na makeke. Kipora alikuwa kijana anayejaribu mbawa. Watatu waliosalia, dada wawili na mjomba wao, hakuna aliyewahi kuwataja barazani.

Usiku wa kuamkia mbio bukini walikosana. Wanne walitaka wote wamtumikie Mawimbi, Subira akakataa. Wakaona bora waende kwa Bibi Mbuzi.

Bibi Mbuzi hakuwa mzaliwa wa Arenberg. Mwaka 2024 wanadamu walileta mbuzi msituni ili wale nyasi zilizoota kati ya mawe, kwa maana nyasi zikilowa huteleza na kuangusha waendesha baiskeli, naye alikuwa mmoja wa mbuzi hao. Kazi hiyo ilimweka karibu na watu wanaotengeneza njia ya mawe, na watu hao wakikaa kupumzika mazungumzo yao ni mbio tu. Bibi Mbuzi alikuwa akitafuna na kusikiliza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mbona usiku huu?"

Mawimbi akaeleza. "Bibi, kesho tuna Kozi. Wenzangu wanasema wao sita wanikinge na upepo, mimi nimalize kazi. Naona ni sawa. Subira hataki."

"Sitaki kwa sababu Kozi anamjua Mawimbi," Subira akajibu. "Atajibanza nyuma yake siku nzima, na mwisho atampita. Tutakuwa tumewabeba wawili."

Bibi Mbuzi akameza alichokuwa akitafuna. "Subira amesema kweli. Nyinyi bukini mnaujua upepo kuliko sisi tutembeao. Anayeruka mbele hulipa, na anayefuata ubavuni mwa bawa lake hulipiwa. Kwa wanadamu ni vivyo hivyo. Mtu akijificha nyuma ya gurudumu la mwenzake hupunguziwa karibu theluthi ya kazi. Kwa hiyo msiulize nani ana nguvu. Ulizeni nani anamlipia nani. Mkimlipia Mawimbi peke yake, na Kozi yuko mgongoni mwa Mawimbi, mtakuwa mmemlipia Kozi."

"Tufanyeje, bibi?"

"Mpeni maswali mengi kuliko majibu aliyo nayo. Nitawasimulia ya mwaka 2014. Zimebaki kilomita kama sita kufika Roubaix, na kundi dogo liko mbele. Ndani yake yumo Fabian Cancellara, aliyekwisha kushinda mbio hizi mara tatu. Yumo Tom Boonen, aliyezishinda mara nne, naye ana wenzake wawili wa timu yake, Niki Terpstra na Zdeněk Štybar. Terpstra akachomoka. Haya niambieni, Cancellara afanye nini? Akimfukuza, atakuwa anamvuta Boonen bure, na Boonen atampita mwishoni. Akimwacha, Terpstra anakwenda zake. Kila mtu akamtazama jirani yake, na walipomaliza kutazamana Terpstra alikuwa ameshashinda kwa sekunde 20."

"Kwa hiyo Terpstra alikuwa na nguvu kuliko wote?" Kipora akauliza.

"Alikuwa na nguvu za kutosha. Kilichowafunga wengine ni yule wa kuogopwa aliyeachwa nyuma. Na mwaka 2001 mambo yalikuwa wazi zaidi. Siku hiyo ilikuwa tope tupu. Timu ya Domo ilikuwa na watu kadhaa mbele, na macho ya wote yalikuwa kwa Johan Museeuw, bingwa wa miaka ya 1996 na 2000. Aliyechomoka ni Servais Knaven, mtu ambaye hakuna aliyekuwa akimwogopa kiasi hicho. Knaven akawa wa kwanza, Museeuw wa pili, na Romāns Vainšteins wa timu hiyo hiyo akawa wa tatu."

Mawimbi akakunja shingo. "Lakini bibi, mbona nasikia wanadamu wana mbio nyingine ambako wote humtumikia mmoja?"

"Hizo ni za wiki tatu. Huko saa za mtu hujumlishwa siku kwa siku. Aliyepoteza leo anaweza kurudisha kesho, kwa hiyo timu humchagua mmoja na kumlinda mpaka mwisho. Mbio za siku moja hazina kesho. Anayetangulia kuvuka mstari ameshinda, awe nahodha au mbeba chupa za maji. Ndiyo maana mtu wa pili na wa tatu wa timu ni silaha za kweli. Mpinzani hawezi kusema atamshughulikia baadaye."

Akawatazama mmoja mmoja. "Ila kuna masharti mawili. La kwanza, kila mnayemtuma awe anaweza kushinda kweli. Tishio la uongo halimtoi mtu jasho. La pili ndilo zito." Akamgeukia Mawimbi. "Subira akichomoka kesho, nawe una nguvu za kumfikia na kumpita, utakaa?"

Mawimbi hakujibu. Alitazama maji, akautia mdomo chini ya bawa, akautoa tena. Wenzake walisubiri. Tangu alipokuwa kifaranga alikuwa ameambiwa kwamba ghuba ile itapatikana kwa mbawa zake, na sasa alikuwa anaombwa ailinde kwa kutozitumia.

"Nitakaa," akasema.

"Sema tena, wote wasikie."

"Subira akitangulia, nitakaa."

"Nendeni mkalale," akasema Bibi Mbuzi.

Kulipopambazuka upepo wa kaskazini ulikuwa ukiwavumia usoni. Koo tisa ziliruka kutoka Compiègne, ndege 63, wakiwa wamebanana nyuma ya yeyote aliyekubali kuwa mbele.

Kabla ya kufika Troisvilles, ambako sehemu za mawe huanzia, Kipora akachomoka. Kunguru mmoja akamfuata, na salili mmoja. Kundi likawaacha, kwani nani ahangaike na kijana asiye na jina? Bukini sita waliobaki wakatulia katikati ya kundi. Wa kwao alikuwa mbele, hawakuwa na sababu ya kufukuza. Kunguru nao wakatulia kwa sababu hiyo hiyo. Mzigo wa kufukuza ukawaangukia wale ambao hawakuwa na mtu mbele, na wa kwanza kati yao alikuwa Kozi.

"Wafukuzeni!" akawaamuru shomoro.

Wakafukuza. Mbawa zao fupi zilipiga mara nne kwa kila pigo moja la bukini. Wawili waliachwa Quiévy, wawili Saint-Python, wa tano akatua juu ya paa na hakuinuka. Walipofika Haveluy alikuwa amebaki mmoja. "Bwana, nimefika mwisho wangu," alisema, akaanguka kichakani. Kozi hakugeuka.

Baada ya Haveluy ndipo dada wawili na mjomba wao walipofanya kazi waliyokuja kuifanya. Njia ya Arenberg ni nyembamba, na anayeingia nyuma huwa mateka wa wote walio mbele yake. Wale watatu wakajitokeza, wakatoa vifua vyao kwa upepo, wakaruka kwa mwendo ambao hawakuweza kuudumisha na wala hawakuwa na nia ya kuudumisha. Nyuma yao walijipanga Mawimbi, Pili na Subira. Bukini wakaingia msituni wa kwanza. Pale pale mdomoni mwa njia wale watatu wakapinda kando na kutua kwenye majani, wakihema, zikiwa zimebaki kilomita 95 kufika Roubaix. Mbio zao ziliishia hapo. Hakuna aliyewaona tena mpaka jioni.

Kozi aliingia akiwa wa ishirini. Mbele yake ndege waligongana na matawi, wakaanguka, wakaziba njia. Alilazimika kupenya na kukimbiza, na nguvu zake zilikuwa nyingi kiasi kwamba alifaulu. Msitu ulipofunguka alikuwa amewafikia bukini watatu na kunguru watatu, na nyuma ya hao saba hapakuwa na mtu karibu. Lakini alikuwa ametumia pumzi ambayo wengine walikuwa bado nayo, na alikuwa peke yake.

Hapo maswali yakaanza.

Subira akachomoka. Kozi akamfuata, akamshika. Kabla hajatulia, Pili akachomoka kutoka upande wa pili. Kozi akamfuata, akamshika. Mawimbi hakufanya lolote. Alikuwa nyuma ya bawa la kushoto la Kozi, akiruka katika kivuli cha upepo, na kutoka pale aliona unyoya wa mwisho wa bawa lile ukianza kutetemeka kila lilipopiga. Subira tena. Kozi tena.

Karibu na Mons-en-Pévèle, Pili akachomoka kwa mara ya pili, na safari hii Kozi akasita. Akawageukia kunguru. "Nanyi fanyeni kazi!"

"Wa kwetu yuko mbele," wakamjibu.

Kusita kule kulimtosha Pili. Huko mbele Kipora alikuwa ameambiwa tangu asubuhi asijimalize. Alisikia mlio wa Pili nyuma yake, akapunguza, akamngoja, na Pili alipofika, kijana akajiweka mbele na kuukata upepo kwa ajili ya mwenzake. Yule salili na yule kunguru wakashindwa kushika mwendo. Kipora aliruka hivyo kilomita baada ya kilomita, mpaka mbawa zikagoma. "Nenda," akasema, akadondoka shambani. Pili akaendelea peke yake akiwa mzima, maana nusu ya njia alikuwa amelipiwa.

Nyuma, kunguru hawakuwa tena na mtu mbele. Sasa ilikuwa zamu yao kufukuza, na walikuwa watatu. Mmoja akijitoa, wawili wangemfikia Pili na pengine wangeshinda.

"Jitoe wewe," wa kwanza akamwambia wa pili.

"Mimi? Nilishinda mwaka juzi. Ajitoe huyu."

"Nijitoe ili nyinyi mle sifa?"

Wakabaki wakichungana. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na chombo cha kunguru kilikwenda mrama palepale, angani, mbele ya macho ya wote.

Kwa hiyo Kozi akaruka mbele mwenyewe. Hata adui zake walikiri baadaye kwamba hawakuwahi kuona kitu cha namna ile. Kutoka Mons-en-Pévèle mpaka Carrefour de l'Arbre, takriban kilomita 30, alibeba upepo wote wa kaskazini kwa kifua chake na kuwavuta wengine watano nyuma yake. Nukta iliyokuwa Pili ikakua, ikawa ndege, ikawa mkia ulio mbele ya mdomo wake. Akamshika. Zilibaki kilomita 17.

Pili, aliposhikwa, alisogea kando na kumtazama Subira. Subira akachomoka kwa mara ya tatu.

Kozi aliyaona yote. Aliona pia kwamba Mawimbi hakuwa ametumia pumzi yake tangu Arenberg. Akimfukuza Subira, atamfikisha Mawimbi Roubaix akiwa mzima. Akimngojea Mawimbi aanze, Subira anapotea. Aligeuza kichwa kumtazama Mawimbi. Kunguru waligeuza vichwa kutazamana. Pigo la bawa, la pili, la tatu, na Subira, ambaye barazani hakuna aliyemtaja kuwa mshindi, akazidi kuwa mdogo mbele ya macho yao.

Mawimbi angeweza kumfikia. Aliijua nguvu iliyokuwa mabawani mwake kama mtu anavyojua uzito wa mzigo aliobeba kichwani. Kunguru mmoja akamnong'oneza, "Nenda, bukini! Wewe ndiye bora kuliko yeye. Ghuba ni ile ile, lakini jina litakuwa lako." Mawimbi akafumba mdomo. Kila aliyejaribu kutoka, alimfuata na kukaa mgongoni mwake bila kumsaidia hata pigo moja, mpaka yule akakata tamaa na kurudi.

Subira akaingia uwanja wa Roubaix peke yake. Nyuma yake, katika mita za mwisho, Mawimbi aliwaacha Kozi na kunguru wote kwa urahisi uliomwumiza moyo, akawa wa pili.

Jioni lilikaa baraza ziwani. Kozi akasimama, mbawa zikiburuta.

"Sikubali," akasema. "Hakuna bukini hata mmoja anayenishinda ana kwa ana. Walikuwa saba, mimi mmoja. Huo si ushindi wa haki."

Korongo akamwomba Bibi Mbuzi aseme neno, kwa kuwa yeye hana ukoo ziwani.

"Mwanangu Kozi," alianza, "leo umeruka kuliko wote, na asiyekiri hilo ana husuda. Lakini hukuwa mmoja. Ulipewa nafasi saba kama wengine, ukazijaza kwa wale ambao hawatakushinda. Ulitaka wa kutumwa, na wa kutumwa wakaisha Haveluy. Kuanzia pale upepo ulikuwa wako, na uliuchagua mwenyewe siku ulipochagua shomoro."

Kisha akawageukia kunguru. "Na nyinyi msiseme bukini walishinda kwa wingi. Mwishoni wao walikuwa watatu, nanyi mlikuwa watatu. Wingi peke yake haumfungi mtu. Wanadamu wanalo somo hilo la tarehe 28 Februari 2015, katika mbio za Omloop Het Nieuwsblad huko Ubelgiji. Wanne walikuwa mbele. Watatu walikuwa wa timu moja, Boonen, Terpstra na Stijn Vandenbergh. Wa nne alikuwa Ian Stannard wa Uingereza, peke yake. Wale watatu wakashambulia bila mpango uliokamilika, na Stannard akawashinda wote. Mambo hayo yakarudi Aprili 2025 katika Dwars door Vlaanderen. Wout van Aert alikuwa na wenzake wawili, Tiesj Benoot na Matteo Jorgenson, dhidi ya Neilson Powless wa Marekani. Wakaamua kumvuta Van Aert hadi mita za mwisho badala ya kushambulia kwa zamu. Wakamlipia Powless upepo njia nzima, na Powless akampita Van Aert mstarini. Huo ndio mpango mliotaka kuufuata jana, Mawimbi, mlipokuja kwangu."

Mawimbi akainamisha shingo. Bibi Mbuzi hakumwachia hapo.

"Najua kinachokuuma. Pale Roubaix wanadamu wana bafu za zamani zenye vyumba vidogo vya zege, na kila kimoja kina kibao cha shaba chenye jina la mshindi. Aliyekaa nyuma ili mwenzake aende hana kibao. Lakini sikiliza. Mwaka 1996 watu watatu wa timu ya Mapei walifika pamoja mbele ya wote, Museeuw, Gianluca Bortolami na Andrea Tafi. Museeuw alipatwa na pancha karibu na mwisho, wenzake wakamngoja, na aliyeshinda ni Museeuw. Tafi akawa wa tatu. Mwaka 1999 Tafi alikwenda peke yake mbele, na waliomfuata, wa pili na wa tatu, walikuwa Wilfried Peeters na Tom Steels, watu wa timu yake mwenyewe. Hiyo ndiyo mali ya timu yenye kina. Anayengoja leo ana wa kumngoja kesho. Na wanadamu wana desturi nyingine njema, kwamba fedha za ushindi wa mmoja hugawanywa kwa timu nzima."

Korongo akatoa hukumu. Ghuba ni ya bukini. Mahali penye joto kuliko pote, katikati ya matete, hapakupewa Subira wala Mawimbi. Subira mwenyewe aliomba wapewe dada wawili na mjomba wao, ambao wakati mbio zinaisha walikuwa bado njiani wakirudi kwa miguu kutoka Arenberg.

Kunguru waliondoka wakilaumiana, na hadi leo wanalaumiana. Kozi alikaa siku nyingi juu ya mnara wa kanisa bila kusema na mtu. Majira ya baridi yalipokwisha alishuka, akaenda kwa makozi wenzake, wale aliokuwa akiwafukuza mnarani pake kwa kuogopa kulinganishwa nao, akawauliza kama wangekubali kuruka naye.

Msomaji wangu, mafunzo ya hekaya hii ni mepesi kuyasema na mazito kuyatenda. Timu haina kina kwa sababu ina watu wengi, na hata wenye nguvu wengi hawatoshi, kama kunguru walivyotuonyesha. Ina kina pale mpinzani anapolazimika kumjibu kila mmoja wao, na pale kila mmoja wao yuko tayari ushindi uende kwa mwenzake. Nguvu bila radhi ni ugomvi, na radhi bila nguvu ni shomoro wa Haveluy. Basi ukiwa wewe ndiye unayechagua watu, katika mbio, katika kazi au katika uongozi, usiogope kuwachagua wanaoweza kukushinda. Na ukiwatazama wanaopokea tuzo, uliza pia ni nani aliyebeba upepo wao, umpe shukrani yake kwa jina.